Rafu za .22 Zikiwa Tupu: Mwongozo wa Kuwinda na Kulenga Shabaha kwa Risasi Chache

Kila Agosti inapokaribia kuisha, simu yangu huanza kulia. Msimu wa kuwinda kindi hapa Ohio, Marekani, hufunguliwa tarehe 1 Septemba, na wenzetu kutoka Afrika Mashariki waliopata leseni ya kuwinda kwa mara ya kwanza wanauliza yaleyale kuhusu risasi za .22, zile ndogo za kuwindia wanyama wadogo, ambazo mara kwa mara huadimika dukani. "Kaka, risasi za .22 wewe unazipata wapi?" "Haya maganda niliyookota, siwezi kuyajaza tena?" "Kuna jamaa anauza sanduku kwa bei mara tatu ya dukani, nichukue?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi someni hapa.

Nianze na jibu ambalo wengi hawalipendi. Mwindaji wa kindi haishiwi risasi. Sheria ya hapa inakuruhusu kindi sita kwa siku, na ni siku chache sana utakazorudi na hao sita. Ukipiga risasi nne au tano kila utokapo, sanduku la 50 litakufikisha safari kumi, yaani msimu mzima kwa mtu mwenye kazi na watoto. Anayeishiwa ni mpiga makopo, yule anayekwenda uwanja wa shabaha na sanduku la 500 na kulimaliza kabla ya chakula cha mchana, asijue ipi ilipiga wapi. Babu yangu kule Tabora aliwinda kwa gobore. Alishindilia baruti, akaweka goroli, akatembea asubuhi nzima akiwa na mlio mmoja tu mkononi. Hakuwahi kulalamika kuhusu uhaba.

Kuhusu sababu ya uhaba huu sitasema mengi. Risasi ya .22 haina fataki (kile kidonge cha kuwasha baruti) katikati ya kitako kama risasi kubwa. Dawa yake ya kulipuka imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na hutengenezwa kwa mitambo ya kazi hiyo tu. Watu wakinunua ghafla kwa hofu, kiwanda hakiwezi kuongeza mtambo kwa wiki mbili. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, watu walipoogopa sheria mpya na rafu zikabaki tupu kwa miaka. Ikajirudia 2020, wakati wa korona, mwaka ambao Remington, kampuni ya bunduki na risasi, nayo ilifilisika. Wimbi hupita, halafu huja jingine.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kwanza kabisa, haki ya kisheria. Hili nalisema kwa herufi nzito kwa sababu wengi wetu ni wageni hapa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kumiliki bunduki au hata risasi moja. Kuna misamaha michache, mmojawapo ukiwa wa mtu mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Mwenye green card au hadhi ya ukimbizi hesabu yake ni nyingine. Usimtegemee rafiki wala mimi kwa hili. Muulize wakili wa uhamiaji, kwa sababu kosa la bunduki linaweza kukupandisha ndege ya kurudi nyumbani.

Umri: muuza risasi mwenye leseni hamuuzii risasi za bunduki mtu aliye chini ya miaka 18, wala za bastola aliye chini ya miaka 21. Na kwa kuwa .22 huingia kwenye vyote viwili, kijana wa miaka 19 asishangae akiulizwa ni za nini. Majimbo nayo yana yao. Illinois, kwa mfano, hununui risasi bila kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha.

Baada ya hapo:

- Leseni ya kuwinda ya jimbo lako, na cheti cha mafunzo ya uwindaji ikiwa unatakiwa kuwa nacho
- Kitabu cha maelekezo cha bunduki yako (kimepotea? watengenezaji wengi huweka nakala kwenye tovuti zao)
- Miwani ya kukinga macho na viziba masikio
- Daftari dogo na kalamu
- Kopo la chuma la kuhifadhia risasi, lile lenye mpira kwenye kifuniko
- Risasi bandia za plastiki za kufanyia mazoezi

Daftari si pambo. Ndilo litakalokuokolea risasi nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Hatua kwa hatua

1. Mwaga zote mezani uzihesabu. Zilizo kwenye droo, kwenye mfuko wa koti, kwenye begi la mwaka jana. Zigawe mafungu matatu: za kuwinda, za kurekebishia darubini ya bunduki, za mazoezi. Fungu la kuwinda ulitenge kwanza, risasi 100 zinatosha kabisa, uzifungie mbali na zile nyingine. Hilo haliguswi uwanjani hata rafiki akikubembeleza. Andika idadi kwenye daftari, na kila utokapo andika ulizotumia. Mara ya kwanza utashtuka.

2. Soma maandishi ya kwenye mtutu. Wakati wa uhaba watu huokota sanduku lolote lenye "22" juu yake, na hapo ndipo ajali huanzia. .22 Long Rifle si .22 Magnum (WMR). Magnum ni nene na ndefu zaidi. Ukitia Long Rifle kwenye chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ya Magnum, itaingia kwa kulegea na ganda linaweza kupasuka usoni pako. Bunduki iliyoandikwa "S, L, LR" inakubali pia zile fupi, .22 Short, ambazo nyakati nyingine husalia dukani wakati nyingine zimekwisha. Ila bunduki inayojikoki yenyewe haitajikoki kwa hizo fupi, labda uivute kwa mkono kila mara.

3. Jua bunduki yako inapenda nini. Mtutu mmoja unaweza kupanga risasi za aina moja kwenye duara la sarafu na kutawanya za aina nyingine kama mtama uliomwagwa. Bei haisemi kitu. Nunua au omba kwa marafiki risasi kumi kumi za aina tatu au nne. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, yadi 50, piga tano za kila aina kwenye karatasi yake, kisha rudia. Andika jina, uzito na namba ya toleo iliyochapwa kwenye sanduku. Umetumia risasi 30 au 40, na kuanzia hapo hutapoteza nyingine ukibahatisha.

Angalia na kasi pia. Risasi ya kawaida ya greni 40 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) hutoka kwa futi 1,070 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, na ile ya kasi kubwa hufika 1,200 na zaidi. Ukirekebisha darubini kwa moja kisha ukawindia nyingine, risasi haitaangukia palepale. Usipige porini aina ambayo hujaijaribu kwenye karatasi.

4. Nunua kwa hesabu, si kwa woga. Gawa bei kwa idadi ya risasi, kila mara, hata ukiwa umesimama mbele ya rafu na kuna mtu nyuma yako. Sanduku la 325 kwa dola 26 ni senti 8 kwa risasi. La 50 kwa dola 5 ni senti 10. Mtandaoni ongeza gharama ya kusafirisha kabla ya kugawa. Kabla ya wimbi la 2012 tulinunua kwa senti nne hivi, na wazee wa uwanjani bado wanasimulia kama watu wanavyosimulia bei ya sukari ya enzi zile. Hizo siku usizisubiri.

Mengine ya ununuzi ni ya kawaida. Muulize muuzaji kwa upole mzigo hushushwa siku gani, uwe mlangoni asubuhi hiyo. Maduka madogo ya mashambani husahauliwa na wanaokimbilia yale makubwa. Mkiwa wanne, nunueni pamoja mgawane. Risasi za mashindano ni ghali, lakini mimi nimezikuta mara kadhaa wakati za bei nafuu zimefagiliwa. Sanduku moja la hizo kwa ajili ya kuwinda tu si ufujaji. Na yule jamaa wa bei mara tatu? Mwache nazo. Kama umefanya hatua ya kwanza huna dharura inayofaa bei hiyo.

5. Fanya mazoezi nyumbani bila risasi. Nusu ya ufundi wa kulenga ni kubonyeza kifyatulio bila kutikisa mtutu, na kwa hilo huhitaji baruti. Lakini fuata mpangilio huu bila kuruka:

Toa magazini. Fungua bolti (kile kifungio cha chemba), tazama chemba, ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine, ufunge mlango. Elekeza kwenye ukuta ambao kweli unaweza kuzuia risasi, si ukuta wa jasi wenye chumba cha watoto nyuma yake. Ingiza risasi bandia. Bandika nukta ndogo ukutani, lenga, vuta pumzi, toa nusu, bonyeza taratibu. Ncha ya mtutu ilicheza ulipobonyeza? Ndiyo inayokufanya ukose. Rudia mara ishirini kila jioni, si zaidi, maana ukichoka unajifundisha makosa.

Kwa nini risasi bandia? Kwa sababu pini ya .22 hugonga ukingo. Kwenye bunduki nyingi, hasa za zamani, ukibonyeza chemba ikiwa tupu pini itagonga chuma cha mtutu na kukiacha na kidonda. Baada ya muda bunduki inakataa kulipua hata risasi nzuri, nawe unailaumu kampuni. Chache huvumilia. Kitabu cha Ruger 10/22 kinaruhusu kubonyeza bila kitu. Soma cha kwako. Wengine hutumia plagi ndogo za plastiki za njano, zile za kushikilia skrubu ukutani, namba 4. Hufanya kazi na ni rahisi kama karanga.

Ukimaliza sema kwa sauti, "Mazoezi yamekwisha," uifungie bunduki. Usirudie "moja ya mwisho." Ajali za namna hii huweza kutokea kwenye hiyo moja ya mwisho, baada ya risasi za kweli kurudishwa chumbani.

6. Tafuta bunduki ya upepo. Kopo la vidonge 500 (ndizo risasi zake) vya milimita 4.5 bei yake ni ndogo, na havikumbwi sana na hofu za watu. Ukiwa na uwanja wa nyuma na kizuizi imara, yadi 10 zinatosha kukufundisha mengi. Ulizia kwanza kanuni za mji wako, maana miji mingine inakataza kufyatua hata hizo. Majimbo mengi huruhusu kuwindia kindi bunduki ya upepo yenye nguvu ya kutosha, lakini soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huu. Cha mwaka jana kiache.

7. Uwanjani, nenda na risasi 20. Ishirini tu. Nyingine ziache nyumbani, kwa sababu zikiwepo utazipiga.

Chora karatasi yenye miduara midogo kumi, kila mmoja ukubwa wa sarafu. Tia risasi moja moja kwenye chemba, hata kama magazini inabeba kumi. Kila duara risasi mbili, na kabla ya kutazama kwa darubini taja ilikopiga: "kushoto chini." Kisha tazama. Ukianza kutabiri sawasawa ujue umeanza kuiona risasi ikitoka, na hapo ishirini zako zimekufundisha kuliko mia tatu za jirani anayemwaga magazini baada ya magazini. Tano za mwanzo piga ukiwa umelalia mfuko, zilizobaki piga kwa namna utakavyopiga porini: umekaa, umepiga goti, umeegemea nguzo. Kindi hangoji ulete meza.

Ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi nyingi za .22 bado ni madini ya risasi, ndiyo yaliyoipa jina lake kwa Kiswahili, na vumbi lake ni sumu. California imekataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019. Ukiwinda huko tafuta za shaba, na uzijaribu upya kwa hatua ya 3.

8. Porini, ngoja. Ingia kabla ya jua, kaa chini ya mti wa jozi au mwaloni, usitembeetembee. Kindi akisikia nyayo huhamia upande wa pili wa shina, akitulia dakika kumi na tano hurudi kula. Weka mpaka wako mwenyewe: yadi 40, amesimama, una mahali pa kuegemeza mtutu, kichwa kinaonekana. Kimoja kikikosekana, usipige.

Na hili si la kubana matumizi, ni la uhai: usimpige kindi aliye kwenye tawi na nyuma yake kuna anga tupu. Masanduku ya .22 hubeba onyo kwamba risasi inaweza kuruka hadi maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili. Ngoja ashuke hadi shina liwe nyuma yake, au hadi ardhini.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kujaza maganda upya. Kwa .22 usijaribu. Dawa iko ndani ya ukingo, pini imeshauponda, na kuirudisha kwa mkono jikoni ni kucheza na kilipuzi chenye kushtuka upesi. Risasi kubwa zenye fataki katikati ndizo watu hujaza.

Kupaka risasi mafuta "zisishike kutu." Mafuta hupenya na kuua dawa. Zikaushe, zifunge kwenye kopo na pakiti ya kunyonya unyevu, ziweke mahali pa baridi. Kwenye gari kiangazi si mahali pake. Andika mwaka kwenye sanduku na utangulize za zamani.

Kumtumia rafiki risasi kwa posta ya Marekani. Ni marufuku.

La mwisho linaniumiza zaidi, kwa kuwa ni letu hasa. Mtu anakwenda nyumbani likizo na begi lilelile alilobebea msituni. Risasi moja iliyosahaulika kwenye kijimfuko, ukifika Nairobi au Dar es Salaam, si kumbukumbu ya safari. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, Tanzania ina yake ya 2015, na zote zinahesabu risasi bila kibali kuwa kosa la jinai. Kung'uta begi, pindua mifuko ya koti, au bora zaidi, begi la kuwindia lisisafiri kabisa.

Ikienda kombo

*Umebonyeza, haikulipuka.* Usifungue. Shikilia mtutu ukielekea shabaha, hesabu sekunde 30, kwani nyingine huchelewa. Kisha toa utazame ukingo. Alama ya pini ni nzito? Basi ni dawa haikufika sehemu ile, jambo la kawaida kwa risasi za bei nafuu. Alama ni hafifu na inajirudia kwa risasi nyingi? Pini ni chafu au imechakaa, mpelekee fundi wa bunduki.

*Mlio umekuwa dhaifu, "puf" badala ya "pa."* Simama hapohapo. Risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu hupasuka. Toa kila kitu, ondoa bolti, tazama mwanga kupitia mtutu kutokea nyuma. Hakuna mwanga, mpelekee fundi. Kutaka kuokoa asubuhi ya kuwinda kumewagharimu watu vidole.

*Haijikoki vizuri.* Umeipa risasi ya kasi ndogo. Zile za kimya, za futi 700 hivi kwa sekunde, hazina nguvu ya kusukuma bolti. Zitumie kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono. Kama risasi ni za kasi kubwa na bado inakwama, isafishe: nta na masizi ya .22 hujaa haraka.

*Jana ilipiga katikati, leo iko inchi mbili kushoto.* Kabla ya kuzungusha darubini, tazama sanduku. Ni aina ileile? Toleo lilelile? Kisha kaza skrubu zinazoshika darubini. Mimi niliwahi kuchoma risasi 30 nikisahihisha darubini iliyokuwa imelegea tu.

*Risasi zimeota ukijani.* Doa dogo linalofutika kwa kitambaa kikavu si tatizo. Zilizolika au zenye ganda lililopinda zisipigwe. Waulize wasimamizi wa uwanja wanazipokea vipi. Usizitupe kwenye pipa la nyumbani.

*Msimu umefunguliwa na huna hata moja.* Tumia bunduki ya marisau (ile inayorusha punje nyingi ndogo), ya ukubwa wa gauge 20 au .410, na marisau namba 6, ikiwa unazipata. Inamfaa kindi vizuri, na humfikia hata akikimbia kwenye tawi. Sogea hadi yadi 25, mlenge mbele ya pua ili mwili usijae punje. Ukimchuna fuata kila tundu la manyoya kwa ncha ya kisu utoe punje iliyomo, na waambie walaji mezani watafune polepole.